Kipande cha Sikio la Sihaba

Sihaba wa Chumbi hakuwa na njia moja ya kwendea shamba. Leo atapita kwenye mahindi, kesho atazunguka mpungani. Alizaliwa na ualbino, na kaka yake Mshamu alimfundisha tangu utotoni: mtu akikuulizauliza habari zako, ondoka.

Akilima, akivuna, akiamia ndege wasile mpunga, alishinda juani kutwa. Mwaka mmoja kidonda kikamtoka kwenye sikio la kushoto. Kilikauka, kikabanduka, kikarudi kikubwa zaidi. Akakipaka dawa za majani. Mwishowe kikaanza kunuka, na shingoni, chini ya sikio, akapapasa uvimbe mgumu kama kokwa.

Biasha, muuguzi wa zahanati, alikuja kumwona.

"Dada, hiki kinafanana na saratani ya ngozi. Yafaa kikatwe kipande, kikapimwe."

"Kipande changu?"

"Kidogo tu, kama punje ya mchele."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi nenda salama, dada," Sihaba akasema, akafunga mlango.

Mshamu alipoambiwa, uso ulimbadilika. "Watu wanauawa kwa ajili ya nywele. Huyu anataka nyama?"

Lakini maumivu hayakungoja wamalize kushuku. Biasha aliporudi alisimama mbali, uani.

"Usiniamini mimi," alisema. "Nenda hospitali kubwa Dar es Salaam na kaka yako. Asibanduke ubavuni mwako."

Wakaenda. Mshamu akasimama mlangoni mwa chumba cha daktari.

"Kikishakatwa kinakwenda wapi?" aliuliza.

Daktari Hafsa hakucheka. "Umeuliza la haki. Kinatiwa kwenye kichupa chenye jina lake, kinapelekwa maabara. Kisindikizeni wenyewe."

Wakakisindikiza. Huko maabara wakaelezwa kwamba kitatazamwa kwa hadubini, na kitakachobaki kitafungiwa kabatini. Mshamu akauliza ufunguo anao nani. Hakutoka mpaka alipoonyeshwa mtu huyo.

Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani.

"Saratani ina hatua," daktari alieleza. "Ikiwa ndogo, iko kwenye ngozi tu, ni hatua za mwanzo. Karibu wote hupona. Yako imeshaingia kwenye tezi moja ya shingo. Hiyo ni hatua ya tatu. Picha uliyopigwa inaonyesha haijagusa mfupa. Tutaondoa sikio la nje na tezi za shingo, kisha utapigwa mionzi."

"Nitapona?"

"Siwezi kukuapia, mama. Katika hatua hii wengi hupona, lakini wengine inawarudia. Ungekuja mapema, labda sikio lingebaki."

Sihaba alimtazama. Maisha yake yote aliogopa watu wenye maneno matamu. Huyu hakumpa hata moja. Anayetaka kukuibia, aliwaza, hakutishi kwanza.

"Kata," alisema.

Mionzi ilimchosha, ngozi ya shingo ikaungua, chakula kikakosa ladha. Akavumilia. Sasa ni mwaka wa pili, na kila akirudi kupimwa, daktari humpapasa shingo na hakuti uvimbe. Upande wa kushoto bado anasikia. Siku hizi analima alfajiri na jioni, amevaa kofia pana na nguo ya mikono mirefu, na amepaka mafuta ya kuzuia jua.

Mwezi uliopita alisikia kwamba huko Mtunda, Semeni ana binti mwenye ualbino aliyetokwa na kidonda. Akaenda na Biasha.

"Mtoto hayupo," Semeni alijibu kutoka ndani.

Sihaba hakubishana. Aliketi barazani, akavua mtandio, akageuza kichwa ili kovu lionekane dirishani.

Muda ukapita. Komeo likalia. Semeni akatokea, amemshika binti yake mkono, hajamwachia.

"Kiko shavuni," alisema.

"Kina muda gani?"

"Tangu mvua za vuli."

Biasha akakitazama bila kukigusa. Kilikuwa kidogo, na alipompapasa mtoto shingo hakukuta uvimbe.

"Mmewahi," Sihaba akamwambia Semeni. "Twende wote. Mkono wake usiuachie."