Nyota Aliyoifinyanga Apolonia

Haya yalimpata rafiki yangu Apolonia, mfinyanzi wa Migato, miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa na ndoo za plastiki zikajaa gulioni na vyungu vyake vikakosa mnunuzi. Mwalimu wa watoto wasioona kutoka Bariadi alimletea picha ya darubini: nyota kubwa mno inayokufa, imevimba pande mbili.

“Mayu,” akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, “wafinyangie watoto waishike. Nyuma hapaonekani, kisia mwenyewe.”

Kiangazi kilikuwa kimekausha udongo kila mahali, isipokuwa kando ya mto, pale alipomzika ndani ya chungu mwanawe mchanga, mmoja wa mapacha. Mahali hapo, kwa mwiko, jembe haligusi. Apolonia alichimba kidogo tu, huku roho ikimsuta. Akaifinyanga nyota yenye uwazi ndani isipasuke motoni, akaichoma.

Darasani, binti mmoja asiyeona, Joyness, aliipapasa, kisha akapenyeza mkono kwenye tundu la chini. Kucha zake zilisikika zikikwaruza mle gizani, zikatulia.

“Bibi, ulifinyanga na nani?”

“Peke yangu, mjukuu.”

“Huku ndani kuna alama za vidole, vidogo kuliko vyangu.”

Apolonia alitaka kumwambia autoe mkono, lakini binti alikuwa bado anapapasa.

“Na hapa vilipobonyeza,” Joyness akasema taratibu, “udongo bado mbichi.”