Kikombe Ambacho Wauguzi Hawakukijua

Kila alasiri, akitoka shule, Emilia alipitia kwa Babu Linus, mgema wa pale Mjimwema, kuchukua ulanzi mbichi, ule mtamu uliogemwa kwenye mianzi siku hiyohiyo. Aliutia kwenye chupa ya chai, kisha akaenda hospitali na mama yake.

Bibi Dorosela aliletwa kutoka Makambako akiwa na nimonia kali. Tena alikuwa na kisukari tangu zamani. Alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mama alipokuwa akizungumza na wauguzi mlangoni, Bibi alinong'ona, "Mjukuu wangu, uji wao hauna ladha. Nionjeshe kidogo." Emilia alimpa kikombe kizima. Ulanzi mbichi humtia mgonjwa nguvu, nani asiyejua?

Siku moja ulanzi ulikuwa umechacha. "Huu umeshakuwa pombe," Babu Linus alicheka. "Niachie mimi!" Emilia akaenda mikono mitupu.

Alimkuta Bibi akitetemeka, jasho likimtiririka ilhali kulikuwa na baridi kali.

"Bibi, nimekuja."

Bibi alimkodolea macho. "Wewe mtoto wa nani?"

Emilia alipiga kelele kumwita muuguzi. Bibi aliyemlea hamjui!

Muuguzi Devota alikuja mbio, akamtoboa Bibi kidole na kutazama kipimo. "Sukari imeshuka mno!" Upesi akampa glukosi kwenye mshipa. "Sielewi. Jana ilipanda hadi daktari akaongeza insulini. Leo chakula ni kilekile."

Emilia alitazama sakafu. Akisema, Mama atamgombeza. Asiposema, kesho watampa Bibi dawa kwa kubahatisha.

"Sista, si kilekile," alisema. "Jana nilimpa ulanzi. Leo sikumpa."

Mama alishika kichwa. "Mungu wangu! Emilia!"

Muuguzi Devota hakufoka. "Sukari ya mgonjwa mahututi haitulii. Ugonjwa mkali huipandisha. Insulini huishusha, na asipokula vya kutosha hushuka zaidi. Hayo tunayafuatilia. Kikombe chako hatukukijua. Sasa tumejua, daktari atapunguza dawa."

Baada ya muda kidogo fahamu zilimrudia Bibi. "Emilia, ulanzi wangu uko wapi?"

Emilia alitokwa na machozi ya furaha. Kisha akaita kwa nguvu, "Sista! Bibi anaomba ulanzi!"

"Umenichongea, wewe!" Bibi alinung'unika.

"Amekuokoa, Bibi," Muuguzi Devota alisema. Akamshika Emilia bega. "Mapenzi yako ni mema, mwanangu. Lakini ukimpenda mgonjwa, usimfiche anayemtibu hata tone moja."