Gego la Mourine

Kila jioni baada ya shule, Khavere aliketi mlangoni pa chumba chao huko Shauri Moyo akichambua mboga za mrenda na kunde ambazo mama yake, Norah, angeuza sokoni kesho yake. Dada yake Mourine, msichana wa miaka ishirini, alimsaidia huku akimtania kwamba kwa jinsi anavyochambua, wateja watakula vijiti. Lakini wiki moja utani uliisha. Gego la mwisho la Mourine, lile ambalo huchelewa kuota hadi mtu awe mtu mzima, lilikuwa limeota kimshazari na kulisukuma jino la jirani. Mourine alishinda ameshika shavu, hali, halali.

Jumamosi mama hakuweza kuziacha mboga zake zinyauke, kwa hiyo alimtuma Khavere amsindikize dada yake kwenye kliniki ya meno.

"Akitolewa jino hataweza kuongea wala kutulia asikilize," mama alisema. "Wewe ndiwe masikio yake. Usikilize vizuri."

Baada ya kung'olewa, Mourine aliachwa apumzike ndani, ameuma pamba, mdomo umekufa ganzi. Daktari Nalianya, mwanamke mwenye sauti ya chini, akamtokea Khavere nje, akaanza kumweleza namna ya kulitunza pengo. Khavere alikuwa ameshikilia simu ya dada yake, akicheza mchezo aliokaribia kuushinda kwa mara ya kwanza. Maneno ya daktari yakampita.

"Tumeelewana?" daktari aliuliza.

"Ndiyo, daktari," Khavere alijibu bila kuinua macho.

Mama alipofika nyumbani, hata kikapu hakukitua kwanza. "Daktari amesemaje?"

Khavere hakukumbuka hata neno moja. Angesema hakusikia, angekaripiwa, na mambo yangeishia hapo. Lakini mtoto huyu hakupenda kukaripiwa. Akakumbuka dawa ya kinywa inayotumiwa na kila mpangaji katika ploti yao.

"Amesema asukutue na maji moto ya chumvi," alisema. "Kwa nguvu, tena mara nyingi."

"Hata nyanya yenu alitufanyia hivyo," mama akasema, akaridhika.

Khavere ndiye aliyechemsha maji na kumpelekea dada yake kikombe. Mourine akasukutua na kutema. Maji yalitoka mekundu, naye akaongeza mengine.

Kufikia Jumanne maumivu yalikuwa yamezidi yale ya mwanzo. Yalipanda kutoka kwenye taya hadi sikioni, na kinywa kikaanza kunuka. Mourine aliona haya kuongea na watu, akalala ameelekea ukutani, akilia bila sauti. Khavere aliendelea kumletea maji ya chumvi, kwa kuwa kuacha kungemfanya aulizwe kwa nini.

Mama alipoona hali hiyo, hasira zake zilimwendea daktari. "Huyo mama ameacha mzizi ndani. Mimi sirudi kwake. Kesho asubuhi tunaenda kwa Zedekiah autoe."

Zedekiah alikuwa fundi wa kung'oa meno kwa koleo nyuma ya soko. Dawa ya ganzi hakuwa nayo. Jirani yao Shiundu alichokolewa jino huko, akarudi taya limejaa usaha, na akalazwa hospitalini hadi watu wakakata tamaa naye. Khavere alimtazama dada yake pale kitandani, hofu ikamshinda aibu.

"Mama, msiende kwa Zedekiah," alisema. "Sikumsikia daktari. Nilikuwa nacheza na simu. Hayo maneno ya chumvi nilijitungia."

Mama hakumchapa. Afadhali angemchapa. Mourine aligeuka, akamtazama, kisha akarudisha uso ukutani.

Asubuhi walirudi kliniki wote watatu, na mama akaeleza yote.

"Hakuna mzizi uliobaki," Daktari Nalianya alisema baada ya kuchunguza. "Jino likitoka, damu huganda kwenye shimo na kuufunika mfupa. Siku ya kwanza hatusukutui kabisa. Chumvi ni ya kesho yake, tena polepole. Ninyi mmeiosha ile damu, mfupa ukabaki wazi. Mngelichokoa hilo shimo tena, mngemharibu taya." Akamgeukia Khavere. "Nami nilipaswa kukwambia uyarudie maneno yangu kabla hujaondoka."

Alilisafisha shimo na kulijaza dawa. Kabla hawajafika nyumbani, Mourine alikuwa ameacha kushika shavu.

Jioni Khavere alimpelekea dada yake uji uliopoa. Mourine hakuupokea. Alimtazama mama. "Mama, daktari ameniruhusu uji?"

"Amekuruhusu," mama alisema, ndipo Mourine akanywa.

Khavere alitoka nje akalia. Mama akamfuata, akaketi kando yake.

"Kutosikiliza ni kosa, lakini hata sisi wakubwa hutupata," mama alisema. "Kilichomuumiza dada yako ni wewe kusema unajua jambo usilolijua, kisha ukaendelea kumpa yale maji ukimwona anateseka. Ukiulizwa na hujui, sema hujui. Utaona aibu kidogo, halafu itaisha."

"Ataniamini tena, Mama?"

"Atakuamini," mama alijibu, "lakini si leo."