Vita vya Kilima cha Sponji

Muuza manukato wa mlango wa pili anasema mshonaji alipindua meza. Anasema alimkuta mchumba wake akicheza na mwanamke mwingine, akapandwa na hasira, akaipindua meza na vyote vilivyokuwa juu yake, kisha akamzaba kofi mbele ya wanaume kumi na mmoja. Kofi lenyewe eti lilisikika mpaka ngazini. Akimaliza kusimulia hujipulizia manukato ya kuuzwa shingoni, kana kwamba ushahidi umemtoa jasho.

Hakuwepo. Jumapili ile alikuwa kwake amelala. Hakuna meza iliyopinduka, hakuna kofi, na mwanamke pekee aliyekuwa akicheza mle ukumbini alikuwa mshonaji mwenyewe. Lililotokea lilikuwa dogo kuliko hayo, na baya kuliko hayo.

Mambo yalianzia ngazini, mwaka mmoja nyuma, saa saba mchana, wakati jengo zima linateremka kutafuta chakula. Fundi miwani wa ghorofa ya tatu alikuwa anashuka, boksi la viatu mkono huu, simu mkono ule. Boksi likaachia kwa chini. Askari themanini wa plastiki, kila mmoja hazidi nusu ya kidole, wakamwagika ngazi kwa ngazi.

"Simameni!" akapiga kelele. "Msikanyage! Jeshi langu!"

Watu wakacheka, wakaendelea kukanyaga. Aliyesimama ni mshonaji. Akatanua gauni lake la bluu lenye mifuko mikubwa, akaziba njia.

"Piteni upande huu. Hamwoni mtu mzima kadondosha akili zake?"

Akainama kumsaidia kuokota. Mmoja akamsogeza machoni. Alikuwa na joho jekundu, pindo lake la dhahabu jembamba kuliko uzi.

"Nani kachora pindo hili?"

"Mimi. Kwa brashi ya unywele mmoja."

"Ili iwe nini?"

"Ili awe amevaa vizuri."

"Si anaenda kufa vitani?"

"Ndiyo. Akiwa amevaa vizuri."

Mshonaji akacheka bila kutaka. Yule mtu alikuwa mwembamba, shati lake limepigwa pasi mbele tu, nyuma limekunjamana kama karatasi ya kufungia vitu. Aliliona hilo na akalidharau, na bado jioni alijikuta anaufikiria ule mgongo.

Kesho yake simu ya mshonaji ikaita.

"Fundi?"

"Hapa fundi yupo, na anatia zipu. Nani wewe?"

"Fundi miwani."

"Aaa, mkuu wa majeshi ya ngazini. Wamekufa wangapi?"

"Watatu wamevunjika miguu. Nataka nikuonyeshe kitu, mpenzi."

"Mpenzi wa nani? Umepiga simu mara moja tu."

Akakata, akapiga tena. "Sasa ni mara mbili. Mpenzi?"

"Haya, sema."

Alichotaka kumwonyesha ni ule mchezo. Kila Jumapili mchana wanaume kumi na mmoja walikusanyika katika ukumbi wa nyuma wa jengo, wanaume wenye ndevu, ambao wake zao walidhani wapo kwenye kikao cha maana. Walipanga majeshi juu ya meza, wakarusha dadu, wakapima mwendo wa askari kwa rula, inchi sita kwa waendao kwa miguu, kumi na mbili kwa farasi. Waliitana mabwana wa vita. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwambia mpangaji mwenzake atoke bafuni.

Mkuu wao alijipa jina la Jemadari. Ndiye mwenye duka la miwani, mwajiri wa fundi. Tumbo lilimtangulia popote aingiapo, na kofia ya manyoya hakuivua hata joto likiwa kali. Mchezo ulikuja na kitabu chake cha kanuni, lakini kitabu hakikuwatosha, wakawa na kanuni zao wenyewe ndani ya daftari, na fundi miwani ndiye aliyelitunza kwa ajili ya mwandiko wake mzuri. Jemadari akishindwa, kanuni iliongezwa. Siku alipozidiwa na mishale, ikaandikwa kwamba mvua inaweza kunyesha ikalowesha pinde. Mwezi uliofuata mishale ilikuwa yake, na mvua ikafutwa.

Mshonaji alikaa pembeni Jumapili sita, anaangalia, hasemi neno. Ya saba, Jemadari aliinyoosha rula hewani juu ya kilima cha sponji, kutoka upande huu mpaka ule.

"Inchi kumi na mbili. Farasi wangu wanafika."

"Wanaruka?" akauliza mshonaji.

"Bibie, hii ni vita."

"Mimi napima matumbo kila siku. Lako nikilipima kwa rula, suruali haifungi." Akaitoa shingoni futi yake ya utepe, akailaza juu ya sponji, ikapanda na kushuka. "Kumi na tano."

Wanaume walicheka mpaka Jemadari akalazimika kucheka. Kanuni ikaandikwa: kilima kipimwe kwa futi, juu ya mgongo wake. Fundi aliiandika kwa wino mwekundu, na chini yake akaongeza kuwa imeletwa na mshonaji. Kuanzia siku hiyo naye akacheza. Fundi alimchorea jeshi lake, wapiga mishale wenye majoho ya kijani, na yeye akawa anawashinda mabwana wa vita mmoja mmoja, akitafuna karanga.

Penzi likakua juu ya meza ile ile. Hatimaye fundi akasema anataka kuja na baba yake mdogo, waonane na mama. Mama akapiga simu.

"Mwanangu, huyo ni mtu wa namna gani?"

"Ni mtu akiandika jambo analifuata, mama."

"Basi aje."

Hilo ndilo alilompendea. Uzuri hakuwa nao, na utani wake ulikuwa wa kawaida.

Ikafika fainali ya kikombe cha kundi lao, mshonaji na Jemadari. Ijumaa iliyotangulia, Jemadari alimwita fundi nyuma ya kaunta akamwambia anafungua tawi jipya, anahitaji wa kuliongoza, mtu mwelewa. Fundi hakuuliza kuelewa nini.

Mchezo ulifika mahali ambapo wapiga mishale wa kijani walikuwa nyuma ya kilima, na zamu moja zaidi ingemmaliza Jemadari. Akanyoosha rula hewani.

"Kumi na mbili. Wanafika."

"Kwa futi ni kumi na tano," akasema mshonaji. "Hawafiki."

"Mtunza daftari! Tuamulie."

Wote wakamgeukia fundi. Alikuwa amelishika daftari, hakulifungua.

"Leo, kwa kuwa ni fainali... tutumie rula. Ile ya futi ilikuwa ya majaribio."

"Ya majaribio," akarudia mshonaji. "Miezi minane."

Akawaokota askari wake mmoja mmoja, akawapanga ndani ya boksi, akatoka. Hivyo ndivyo meza ilivyopinduka.

Fundi akamfuata ngazini mbio.

"Mpenzi, umenielewa vibaya!"

"Nimekuelewa vizuri mno. Hiyo ndiyo shida."

"Ni mchezo tu, jamani."

"Kama ni mchezo tu, ukweli ulikuwa bure. Umeshindwa kuusema bure. Siku ukiwa na bei itakuwaje?"

"Kuna tawi jipya. Atanipa mimi. Nimefanya kwa ajili yetu."

"Woga ni wako, usiuweke jina langu. Mwambie baba yako mdogo abaki nyumbani."

Fundi alipiga simu mara kumi na saba. Ya kumi na nane ikapokewa.

"Nakuomba, kipenzi. Niambie nifanye nini."

"Nikikuambia, utafanya kwa kuwa nimesema mimi. Juzi ulifanya kwa kuwa kasema yeye. Tofauti iko wapi?"

Mshonaji akakata. Wiki tatu hakupokea tena. Alikata vitambaa, akashona, na mama alipouliza wageni wanakuja lini, alisema wamepata udhuru.

Siku ya kukabidhi kikombe, Jemadari alikuja amevaa koti la vifungo vya shaba, kifungo cha tumboni kikipigana peke yake. Kabla hajakishika kikombe, fundi alisimama na daftari, akafungua ukurasa wa wino mwekundu, akausoma mpaka chini.

"Kaa chini," akasema Jemadari.

"Farasi wako hawakufika, bosi. Walipungukiwa inchi tatu. Nilijua wakati ule ule nilipokuwa naongea."

"Unalikumbuka tawi lakini?"

"Nalikumbuka. Ndilo lililonifanya niseme uongo."

Mabwana wa vita wakaziangalia dadu zao kana kwamba ndiyo kwanza wanaziona. Jemadari akachukua kikombe chake, akapigiwa makofi, wakaendelea na mchezo unaofuata.

Jumatatu fundi alikuja dukani kwa mshonaji, akasimama mlangoni. Mshonaji alikuwa ameinamia cherehani, pazia zito la ukumbi wa harusi limemjaa mapajani.

"Nilikuja kukuambia..."

"Nimeshasikia. Mwenzenu mmoja kaleta suruali asubuhi. Kasimulia yote. Pale alipokaa kimya yeye ndipo hakusimulia."

"Sawa."

"Na tawi?"

"Kapewa mpwa wake. Mimi nabaki kule kule, nakata lenzi."

"Unataka nikupongeze?"

"Hapana."

"Afadhali. Maana anayesema kweli baada ya wiki tatu amechelewa wiki tatu."

"Najua."

Mshonaji aliinua macho. Siku zote huyu mtu alikuwa na maelezo. Leo alisimama tu, mikono imening'inia, wino mwekundu umemkaukia kwenye kidole gumba.

"Wewe ni mwoga," akamwambia.

"Ndiyo."

"Na wale wenzako ni makopo matupu."

"Kumi wote."

"Nilihesabu kumi na mmoja."

"Nimetoka."

Mshonaji akarudisha macho kwenye pazia. Midomo yake ilitaka kucheka, akaibana.

"Baba mdogo ananiuliza kila siku," akasema fundi. "Naomba tuje Jumamosi kumwona mama. Kama ni kufukuzwa, anifukuze yeye kwa mdomo wake. Niruhusu hilo tu."

Mshonaji akakata uzi kwa meno.

"Sogea, umenizibia mwanga."

Akasogea. Nje kulikuwa na nafasi kubwa kuliko ndani, lakini alisogea ndani, akajibanza kati ya pasi na rundo la vitambaa, akasubiri. Cherehani ikaanza tena kulia. Pazia lilikuwa refu, na mshono ulikuwa haujafika hata nusu.