Inchi Kumi Kutoka Chini

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Dufie aliwasha jiko la mkaa uani kwao, mjini Mampong. Mkaa ulipokolea, bibi yake, Nana Bemah, alitoka chumbani polepole, mkono mmoja ukipapasa ukuta na mwingine ukiwa juu ya nyonga ya kulia. Alijishusha kwenye kigoda chake kando ya jiko, akaguna, akaweka chungu cha kusagia katikati ya miguu, kisha akaanza kusaga pilipili na nyanya. Akishakaa pale haondoki mpaka chakula kiive. Na alipotaka kuinuka, walihitajika watu wawili.

"Moja, mbili, haya vuta!" Bonsu, binamu yake Dufie mwenye miaka kumi, ndiye aliyependa kuhesabu. "Nana, leo umekuwa mzito! Jana ulikula nini bila sisi?"

"Nilikula maneno yako," Nana alimjibu. "Vuta, acha kelele."

Nyonga ile ilikuwa imemtesa kwa miaka minne. Madaktari walisema kiungo kimelika, lazima kitolewe na kuwekwa kingine cha chuma. Nana alisubiri nafasi ya upasuaji mwaka mmoja na nusu. Sasa tarehe ilikuwa imepatikana katika hospitali moja ya Kumasi, na pamoja na tarehe ilikuja karatasi ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa vitu vya kufungasha. Wa pili ulieleza namna ya kuitayarisha nyumba kwa mgonjwa atakayerudi. Nana hakujua kusoma, na mama yake Dufie alishinda sokoni akiuza vitambaa. Kwa hiyo karatasi ikawa kazi ya Dufie, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili na mwandiko mzuri.

Ukurasa wa kwanza haukumsumbua. Kila alichokipata alikiwekea alama ya vema. Vitenge viwili vya kujifunga. Magauni mawili ya kulalia, yenye vifungo mbele. Ndoo ndogo, sabuni, kikombe, kijiko. Kadi ya bima. Dawa zote anazotumia mgonjwa, zikiwa kwenye pakiti zake. Viatu vya kufunika kisigino, visivyoteleza.

"Na hii," Nana alisema, akimpa chupa iliyojaa pilipili nyeusi ya kukaanga.

"Nana, hii haimo kwenye karatasi."

"Chakula cha hospitali nacho hakina ladha, na hilo pia hawakuliandika. Weka."

Dufie akaiweka, akaifunga vizuri kwenye mfuko wa plastiki ili isije ikamwagikia magauni.

Ukurasa wa pili ulitaka vipimo. Kitanda kiwe cha juu. Mikeka na waya za sakafuni ziondolewe. Kiti atakachokalia mgonjwa kiwe na mikono, na kiwe juu kuliko sehemu ya nyuma ya goti lake. Dufie alichukua futi ya kushonea ya mama yake, akampima Nana kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Inchi kumi na saba. Akaenda sebuleni akapima kiti kikubwa cha mbao. Inchi ishirini. Akaweka alama ya vema.

Kisha kalamu yake ikasita. Kile kilikuwa kiti cha wageni. Hukaliwa na mchungaji anapokuja, na wazee wa ukoo siku za msiba. Nana mwenyewe Dufie hajamwona akikikalia hata mara moja. Nana hupikia kwenye kigoda, husagia kwenye kigoda, huogea akiwa kwenye kigoda, na wakitwanga fufu, mihogo ya kuchemsha inayopondwa mpaka ishikane kama ugali, yeye ndiye hukaa kwenye kigoda kando ya kinu akiligeuza donge kati ya pigo na pigo.

"Nana, niandike habari za kigoda?"

"Karatasi imeuliza kigoda?"

"Hapana, imeuliza kiti."

"Na kiti si kipo?" Nana aliacha kusaga. "Nisikilize, mjukuu wangu. Maame Ataa wa nyumba ya pili alirudishwa mara mbili na kibegi chake kichwani. Mara presha, mara sijui nini. Ukiwaambia mimi nakaa chini kutwa, watasema nyumba haifai, nafasi yangu apewe mwingine. Nitasubiri tena mpaka lini? Sema nakaa kwenye kiti, basi."

Wiki moja kabla ya upasuaji walikwenda Kumasi kwa uchunguzi wa mwisho. Mama alibaki kwenye dirisha la mapokezi akishughulikia bima, Dufie akaingia na Nana kwa Nesi Fremah, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole na kalamu iliyoning'inia shingoni. Aliipitia karatasi yote, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi safi kabisa. Umeifanya wewe?"

"Ndiyo, Nesi."

"Haya, niambie. Bibi yako anashinda amekaa wapi?"

Nana akamtazama Dufie. Dufie akatazama kalamu ya nesi.

"Kwenye kiti cha sebuleni," alisema.

Nesi akaandika. Kisha akakunja ngumi ya mkono wa kulia, akaitia ndani ya kiganja cha mkono wa kushoto. "Nyonga mpya itakuwa hivi. Huu ni mpira, na hiki ni kikombe chake. Mwanzoni nyama za kuushikilia bado ni dhaifu. Mtu akikaa chini sana, goti likapanda juu ya nyonga..." Ngumi ikachomoka kiganjani. "Hapo tunaanza upya. Na kwa umri wake, upasuaji wa pili si jambo dogo. Ndiyo maana nauliza habari za kiti."

Nana alikuwa ameanza kutafuta kadi yake ndani ya mkoba, hakuangalia. Dufie aliangalia.

Walipofika nyumbani, Dufie alichukua ile futi akaenda uani. Kigoda kilikuwa kimelazwa ubavu, kama Nana alivyokilaza siku zote akiondoka, kwa kuwa kigoda cha mtu mzima hakiachwi wazi kikakaliwa na yeyote. Dufie hakukikalia. Alikipima tu kilivyolala. Inchi kumi. Akatafuta tofali lenye kimo hichohicho, akaketi juu yake. Magoti yake yakamfikia karibu na kifua.

"Unataga?" Bonsu aliuliza.

"Bonsu, niache."

"Kuku huwa haongei akitaga. Samahani."

Dufie hakucheka. Aliinuka, akamfuata mama yake aliyekuwa akianua nguo, akamweleza yote, isipokuwa maneno ya Nana. Mama alisikiliza huku akikunja shuka. Hakupandisha sauti. Alipomaliza kulikunja alimpa Dufie simu.

"Namba ya nesi iko kwenye karatasi."

"Si ungempigia wewe, mama?"

"Aliyemjibu ni nani?"

Nesi Fremah alipokea mara moja. Dufie alimweleza haraka haraka, asije akanyamaza katikati.

"Kina kimo gani hicho kigoda?"

"Inchi kumi."

"Nani alikwambia useme kiti cha sebuleni?"

"Mimi ndiye niliyesema, Nesi."

"Sawa. Jina la bibi yako bado sijalifuta. Lakini Ijumaa mchana nafunga orodha. Kabla ya hapo nataka picha ya jiko ambalo mtu anaweza kupika bila kukaa chini. Nisipoiona, nitampa nafasi mwingine. Umenielewa?"

Kumwambia Nana kulikuwa kugumu kuliko kupiga simu.

"Nilikwambia nini, Dufie?" Nana alisema. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Mwaka na nusu! Umeitoa nafasi yangu kwa mdomo!"

"Nana, angalia." Dufie alikunja ngumi, akaitia kiganjani, akaichomoa kama alivyofanya nesi. Akarudia mara ya pili, taratibu. "Mpira utatoka. Watakupasua tena."

Nana aliutazama mkono ule. "Utatoka kwa ajili ya kukaa tu?"

"Kwa kukaa chini."

"Na mimi nisipokaa chini, nani atageuza fufu katika nyumba hii?"

Hapo ndipo kila mtu alipoelewa kazi ilivyo. Kesho yake jioni Mjomba Okyere, kaka wa mama, ambaye ni fundi milango, alikuja na mbao. Alipanga matofali ya saruji mpaka kiunoni, akaliweka jiko juu yake. Akatengeneza kiti cha jikoni cha inchi ishirini, chenye mikono, na meza ya kuweka mbele yake. Chungu cha kusagia kilipowekwa mezani kiliteleza huku na huku, mpaka alipokizungushia mbao nne kikatulia.

Bonsu alipendekeza kigoda kifichwe. Mjomba akamkatalia. "Kigoda cha mama yangu hakifichwi. Yeye ndiye atakayesema kikae wapi."

Nana alikaa kwenye kiti kipya, akatazama huku na huku. "Niko juu kama polisi wa barabarani," alilalamika. Akasaga pilipili kidogo, akasaga tena. Hatimaye akasema, "Kigoda kipandisheni juu ya kabati la chumbani kwangu. Nitakitazama, sitakikalia."

Ikabaki fufu. Siku ya Jumatano na Alhamisi Dufie alijifunza kuligeuza donge kinuni huku Bonsu akitwanga. Nana aliwaongoza kutoka kwenye kiti chake.

"Loweka mkono! Pindua! Toa! Wewe Bonsu, usikimbie, hakuna anayekufukuza!"

"Ukinipiga kidole nitakutwanga wewe," Dufie alisema.

"Basi kihamishe, si chako?"

Fufu ya Jumatano ilikuwa na mabonge na iliwabidi waimeze wakitazama pembeni. Ya Alhamisi ililika. Ijumaa asubuhi Mama alipiga picha: jiko la juu, kiti, meza, na futi imeshikwa wima kando ya kiti ili inchi zionekane. Wakaituma. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Saa sita na dakika arobaini simu ikalia, na nesi akasema maneno mawili tu: "Jumatatu, mje."

Upasuaji ulichukua saa mbili na nusu. Siku ya tano Nana alirudi nyumbani na fremu ya kutembelea yenye miguu minne, chupa yake ya pilipili ikiwa tupu kabisa, kwa kuwa wagonjwa wenzake wa wodini nao walikuwa wameigundua.

Wiki iliyofuata Nesi Fremah, aliyekuwa akizungukia wagonjwa wa upande wa Mampong, alifika kuangalia mshono. Alimkuta Nana amekaa juu kwenye kiti chake akikoroga mchuzi, na majirani watatu waliokuja kumpa pole wakiwa chini kwenye vigoda vyao.

"Mshono umefunga vizuri," nesi alisema baada ya kuuangalia. "Na jiko hili nitawaonyesha wenzangu."

Nana aliweka mwiko pembeni. "Nesi, kuna neno. Siku ile mtoto huyu alipokudanganya, nilimtuma mimi. Kisha akalibeba peke yake, hakunitaja hata kwa mama yake. Nilikuwa naogopa."

Dufie aliinamisha kichwa. Mama, aliyekuwa akimenya mihogo, aliinua uso, akamtazama mama yake, kisha binti yake.

"Nilijua, Nana," Nesi Fremah alijibu kwa upole. "Ulimtazama kabla hajajibu. Lakini ningefanya nini? Niliandika nilichoambiwa." Akamgeukia Dufie. "Karatasi yetu iliandikwa na watu wanaokaa kwenye viti. Haikujua kigoda. Tulikuwa tunaitayarisha nyumba kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Sisi tunaweza kuona mpaka ndani ya mfupa, ila jikoni kwenu hatuoni mpaka mtuambie. Kwa hiyo mtu wa hospitali akikuuliza, mwambie mambo yalivyo, hata kama unadhani yatakuponza. Ukweli ulitupa siku nne za kutengeneza. Uongo ungetupa upasuaji wa pili."

"Nimeelewa, Nesi," Dufie alisema.

"Nami nimeelewa," Nana alisema. "Haya, nesi, hapo ulipo usiondoke. Dufie, nawa mikono. Bonsu, lete mchi. Mgeni hatoki hapa bila kuonja fufu ya mjukuu wangu, na leo, Bonsu, ukimgusa kidole nakuona vizuri kutoka huku juu."