Laini ya Mwamgongo

"Kwa Mwamgongo, dada, hata mtandao huu wa bei nafuu unashika," Feliksi alisema, akimsogezea Mwanakombo pakiti mbili za laini kwenye meza yake pale sokoni Mwanga.

"Haushiki. Mchumba wangu anakaa huko, na huo ndio anaotumia."

Feliksi hakuwa mtu wa kubishana na mteja. Akamweleza kwamba mtandao huo una kifurushi cha wiki cha bei ya kutupa, dakika za kumwaga. Ule mwingine ni ghali, dakika zake kiduchu, ila hata ukiwa katikati ya ziwa unaongea. Mwanakombo, fundi cherehani anayejua uchungu wa shilingi, akafikiri kidogo, akachukua wa ghali.

Ungefanyaje? Mchumba wake Dadi, mnunuzi wa dagaa, alikuwa anapatikana siku akija mjini tu. Akirudi kijijini kwake Mwamgongo, kando ya ziwa, kimya. Siku zote alisema mtandao wa kule ni mbovu, milima imeziba. Na harusi ilikuwa imebakiza wiki chache. Unaolewa na mtu asiyepatikana kwenye simu, jamani, roho inatulia vipi?

Kwa kuwa Dadi hakuwepo kuweka alama za vidole, Mwanakombo akaisajili laini kwa jina lake mwenyewe. Feliksi akamwonya kwamba mtu yeyote akituma hela kwenye namba ile, litatokea jina la Mwanakombo. Akacheka tu. Si mume na mke hao?

Laini ikapanda boti ikaenda. Dadi alipoiweka tu akapiga, sauti safi utadhani yuko chumba cha pili. Akamsifu sana, akamwita mwokozi wake. Kuanzia hapo kila jioni, Dadi akiwa ufukweni anasubiri mitumbwi, waliongea mpaka kifurushi kikate, na Mwanakombo akanunua kingine kwa hela ya vitambaa. Alikuwa na ile furaha ya kijinga ambayo wengi wetu tumeshawahi kuwa nayo.

Asubuhi moja simu ikaita akiwa anashona. Kioo kiliandika "Mume wangu".

"Niambie, mpenzi."

"Samahani, dada," ikasema sauti ya mwanamke yenye lafudhi ya Kiha. "Wewe ndiye Mwanakombo?"

Akaacha kukanyaga cherehani. Mwanamke yule alijitambulisha kuwa anaitwa Shadya, yuko Mwamgongo, na hakuwa na ugomvi katika sauti. Alisimulia taratibu. Dadi alikwenda Kagunga kununua dagaa, akapungukiwa, akamwomba amtumie hela kwenye namba yake mpya ya biashara. Alipotaka kutuma, likatokea jina la mwanamke. Akatuma hivyo hivyo. Dadi aliporudi na kwenda kuoga, akaichukua simu, akakuta laini nzima imepiga namba moja tu.

"Nimeona nikuulize wewe kabla sijamuuliza yeye. Wewe ni nani wake?"

"Mchumba wake. Tunafunga ndoa mwezi huu. Na wewe?"

"Mimi ni mke wake, dada. Tuna mtoto, ndiyo kwanza ameanza kutembea."

Mwanakombo alikuwa na maswali mengi, lakini lililomtoka lilikuwa moja.

"Ile laini yake ya zamani, huko haishiki?"

"Inashika," Shadya akajibu, kama anayeshangaa swali lenyewe. "Ndiyo tunayotumia wote hapa. Akiwa nyumbani huwa anaizima. Anasema kuna mteja anamsumbua."

Kumbe mteja msumbufu alikuwa yeye. Mwanakombo akamshukuru yule dada, kwa adabu kabisa, akakata simu. Alikuwa bado anampenda Dadi, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mchana, bila shaka Shadya akiwa keshamuuliza, Dadi akapiga, kwa namba ya zamani.

"Uko wapi?" Mwanakombo akauliza.

"Mwamgongo. Naomba unisikilize, mpenzi."

"Na hiyo laini inashika?"

Dadi akaanza kujitetea kwamba dini inamruhusu, kwamba aliogopa baba mkwe angekataa, kwamba alipanga kusema kila kitu baada ya harusi.

"Ungeniambia mapema, huenda ningelia halafu nikakubali," Mwanakombo akasema. "Lakini mimi nimekaa hapa nalaumu milima, Dadi, kumbe unanizimia simu. Siolewi na wewe."

Baadaye ukaingia ujumbe: "Usinifanyie hivyo. Nakupenda kweli." Aliusoma mara nyingi kuliko alivyotaka, hakuujibu.

Alimkuta mama yake uani anapepeta mchele wa harusi. Akamweleza yote akiwa amesimama, kwa sababu alijua akikaa hatamaliza. Mama alimtazama kama mtu anayetafuta pa kutokea.

"Labda hukumsikia vizuri huyo mwanamke, mwanangu. Si mlisema mtandao wa huko mbovu?"

"Nimemsikia vizuri, mama. Kila neno."

Mama akaweka ungo chini, akamvuta kifuani, akamwacha alie. Kilio kilipopungua akaichukua ile simu, akaanza kuwapigia ndugu wa Ujiji, mmoja mmoja, kuwaambia wasije.