Kichaka Namba Saba

Ndege waliyamaliza matunda ya vichaka vyote vya kinamasini, lakini namba saba hawakukigusa. Matunda yake mekundu yaliiva, yakapasuka, yakaozea matawini. Mama Majani, mtafiti wa mimea, aliandika daftarini: "Mlaji: hakuna."

Jina hilo la utani alipewa na wenzake ofisini. Walimcheka, kisha wakamsahau huko kinamasini. Mwaka mzima mjane huyu aliishi peke yake katika kibanda cha bati, akipima majani na kuhesabu matunda. Upweke ulimla mpaka akaanza kusalimia vichaka.

"Hujambo, Saba?" alisema asubuhi moja, akijicheka mwenyewe.

"Sijambo, mwenzangu. Mbona leo umechelewa?"

Alitimua mbio, kalamu huku, daftari kule. Mwenye akili zake angefunga virago. Yeye kesho yake alirudi. Sauti ilikuwa laini, ikamuuliza amelalaje, swali ambalo hakuna aliyemuuliza tangu amzike mumewe. Akasogea ili asikie vizuri, siku ya pili akasogea tena, harufu ya matunda yaliyooza ikamfuata hadi kitandani, chakula kikamshinda, na kila siku tope likampanda, kifundoni, gotini, pajani, wala hakuhisi baridi yake, wala hakugundua kwamba vyura wote wa pale walikuwa wamenyamaza.

Binti yake alipokuja kumtembelea, alimkuta amezama hadi kiunoni, anacheka na kichaka.

Mganga, mwanamke wa makamo, aliletwa mchana uleule. Hakuwa na maneno mengi.

"Jini halikumvamia. Alilisalimia mwenyewe. Alikane kwa kinywa chake mara tatu, la sivyo kesho mtakuta kofia yake tu juu ya tope."

"Mama, sema," binti alinong'ona, amemshika kwapani. "Nakuomba, mama."

"Sikujui," Mama Majani alikiambia kichaka. Matawi yakatikisika, na upepo haukuwepo.

"Sikujui."

"Na kesho," sauti ikauliza kwa upole, "nani atakuuliza umelalaje?"

Mama Majani akageuka kumtazama binti yake, ambaye hakuwa amemtembelea tangu mazishi ya baba yake. Tope likapanda hadi kifuani.

"Sikujui," alikiambia kichaka mara ya tatu.

Tope likamwachia. Harufu ikakatika papo hapo. Binti alimburuta hadi pakavu, akamfuta uso kwa khanga.

"Basi, mama, usilie. Limekwenda."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nalia."